Miaka mitatu katibu wa kamati ya polisi jamii hapa Nakuru: niliyoyaona

MamaDuka – Jumapili, saa 1:40 usiku

Hamjambo nyote. Juzi kwenye uzi wa wizi wa pikipiki kuna ndugu aliuliza kama hizi kamati za polisi jamii zina kazi yoyote, au ni watu wa kunywa soda na OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, kisha wakarudi makwao. Nilianza kumjibu palepale, jibu likarefuka, nikaona nilifungulie uzi wake.

Nina duka la rejareja katika mtaa mmoja wa jiji la Nakuru. Mtaa wenyewe na kituo chake sitavitaja. Nitasema mambo ambayo baadhi ya askari hawatayapenda, na wengine wao ni majirani na wateja wangu. Nilichaguliwa barazani kuwa katibu, na huu ni mwaka wa tatu.

Kabla ya yote tutenganishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Nyumba Kumi ilikuja 2013 baada ya shambulio la Westgate, nayo hupitia kwa mzee wa mtaa na chifu. Polisi jamii ilizinduliwa mapema zaidi, 2005, kisha ikaingizwa katika Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, nayo hupitia kituoni kwa OCS. Kwenye karatasi ni njia mbili. Mtaani watu ni walewale: mzee wa nyumba kumi asubuhi yuko kwa chifu, jioni yuko kwetu kwenye kamati. Chifu na OCS wakikosana, kila mmoja anasema "hilo lipeleke kule," na mwenye shida anabaki njiani.

Kifungu cha 96 cha hiyo sheria nilikitolea nakala saiba, na nakala yenyewe imechakaa kwa kukunjwa. Kinataja ushirikiano wa polisi na jamii, mawasiliano, kutambua matatizo na kuyatatua pamoja. Hayo kila OCS huyasema. Lakini ndani yake kuna jambo jingine ambalo husikii likitajwa barazani: kwamba polisi wawe wazi kwa jamii na wawajibike kwake. Wawajibike, yaani waulizwe na wajibu. Kwangu mimi hapo ndipo kamati inapopata uhai au inapofia.

Mkutano wetu wa kwanza tulikalia madawati ya darasa la nne katika shule ya msingi, Jumamosi saa nane mchana. OCS aliketi mezani pa mwalimu, askari wawili wamesimama nyuma yake. Alizungumza dakika arobaini: chang'aa, bangi, vijana wa genge la Confirm, wapangaji wasiojulikana. Alipomaliza akasema, "Sasa nipeni majina." Kimya. Mwakilishi wa bodaboda aliinama akaanza kukuna wino uliokauka kwenye dawati. Nani atataja mtoto wa jirani mbele ya watu ishirini na dirisha liko wazi?

Nyuma kabisa kulikuwa na mama anayeuza omena. Akainua mkono akasema yeye hana jina la kutoa, ana njia. Kuna kichochoro kinachotoka steji kupita nyuma ya tangi la maji hadi kwenye ploti za ndani. Mulika mwizi ya pale, ile taa ndefu ya mtaa, ilikuwa imekufa tangu kabla ya mvua ndefu. Wasichana wanaotoka kibarua viwandani wanapita hapo kati ya saa moja na saa mbili usiku, na wanapigwa ngeta. Simu, pochi, mmoja alivunjwa jino.

OCS akamwambia kwa upole tu kwamba kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo, hakuna tukio hata moja la mahali hapo kwa miezi mitatu. Na hakuwa anadanganya. Yule mama akamjibu, "Afande, binti yangu alikuja. Aliulizwa, utamtambua? Akasema kulikuwa na giza. Akaambiwa arudi kesho. Kesho alikuwa kazini."

Nataka mkae na hilo kidogo, kwa sababu ndilo lililonifanya nibaki kwenye kamati hadi leo. Doria ya kituo ilikuwa inapangwa kwa kufuata OB. OB ilionyesha fujo za baa za barabarani, kwa hiyo askari walikuwa wanatembea kwenye lami yenye taa. Kichochoro hakikuwa kwenye kitabu kwa sababu kaunta ya kituo ilikuwa inawarudisha watu kabla hawajaandikwa. Polisi walikuwa wanajifichia ukweli wenyewe bila kukusudia, na hakuna aliyekuwa na njia ya kuwaambia isipokuwa pale, darasani, mdomoni mwa mama wa omena.

Wiki iliyofuata askari wawili walianza kupita pale kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni. Ngeta zilipungua, hilo nalisema kwa ninavyosikia dukani, sina takwimu. Taa yenyewe ilikuwa habari nyingine kabisa, maana taa ni ya kaunti na polisi hawana fundi wa umeme.

Hapo ndipo daftari lilipozaliwa. Nilitoa dukani daftari kubwa la jalada gumu, nikalipiga safu nne kwa rula: tarehe, jambo, nani amelichukua, limefika wapi. Nikapendekeza kila mkutano uanze kwa kusoma safu ya nne kabla ya mtu yeyote kuhutubia. Mara ya kwanza OCS alikasirika waziwazi, akasema yeye ana wakubwa wake wa kumkagua. Mwenyekiti wetu, mzee mtulivu sana, akamwambia, "Afande, sisi pia tumeandikwa humo. Mimi mwenyewe niliahidi kwenda kwa MCA, mjumbe wetu wa bunge la kaunti, juu ya taa na sijaenda. Nisome nami." Hilo liliituliza hali. Kufikia mkutano wa nne, kama OCS ana dharura, anamtuma naibu wake na majibu yameandikwa.

Sasa lile gumu. Kuna misako ya Ijumaa usiku. Vijana wanazolewa kwenye vibaraza, wanalala seli, na kufikia Jumapili wengi wako nje baada ya wazazi "kuzungumza". Katiba, Ibara ya 49, inasema mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na saa hizo zikiishia siku ambayo si ya mahakama, basi siku ya mahakama inayofuata. Ndiyo maana Ijumaa. Ukikamatwa Ijumaa usiku una wikendi nzima mbele yako, na mzazi aliyebabaika hawezi kungoja Jumatatu. Dhamana ya polisi ni bure. Ukidaiwa dhamana ya pesa taslimu upewe risiti, na pesa hizo ni zako kurudishiwa kesi ikiisha bila wewe kuvunja masharti. Hayo tuliyabandika kwenye ukuta wa duka langu na kwenye kinyozi cha steji.

Kilichoniuma ni kugundua kwamba mmoja wa waliokuwa "wanazungumza" kwa niaba ya wazazi alikuwa mwanakamati wetu. Anapokea kwa mama, anapeleka kituoni, anabaki na chake. Tunasali kanisa moja. Tulimwita, akakana, akaletewa mama wawili wakamwambia usoni. Tulimwondoa. Hatusalimiani mpaka leo, na nikikutana na mkewe sokoni nashindwa mahali pa kuweka macho. Lakini kamati ikishakuwa dalali wa seli, heri isiwepo.

Swali la msako liliandikwa kwenye daftari. Safu ya nne yake iko tupu, mwezi wa tano sasa. Ndiyo sababu nimeandika hapa. Wenzetu wa Kisumu, Kakamega, Bungoma na kwingineko, kwenu hizi kamati zinaulizwa, au nazo zinauliza?

KondeleJuu – Jumapili, saa 3:05 usiku

Dada, nimekusoma mpaka mwisho na nakuheshimu. Lakini mimi natoka Kisumu na nitasema la moyoni.

Agosti 2017, usiku wa msako baada ya uchaguzi, mtoto wa miezi sita alipigwa ndani ya nyumba ya wazazi wake hapa Nyalenda na akafa. Mahakama ya hapa Kisumu iliyochunguza kifo hicho ilisema 2019 kwamba polisi walihusika. Kuna watu mtaani kwetu ambao wakiona gari la kituo bado wanafunga dirisha. Halafu baraza linaitishwa, tunaambiwa "usalama ni wetu sote". Nani atakwenda kukaa mbele? Akienda, jioni ataulizwa na vijana amewauza kwa bei gani.

Kwetu kamati ipo. Mwenyekiti wake ni mtu wa chifu, wajumbe ni watu wa mwenyekiti. Wanakutana wakati kuna mgeni kutoka juu. Daftari lako lingepokonywa siku ya kwanza.

MamaDuka – Jumapili, saa 3:40 usiku

KondeleJuu, kaka yangu, sikuombi usahau. Hapa Nakuru Januari 2008, wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi, mimi nililala kanisani siku sita na watoto wawili wa watu wengine. Najua dirisha la kufungwa ni lipi.

Nisieleweke vibaya: kamati haichunguzi mauaji. Mtu akiuawa au kujeruhiwa na polisi, hiyo ni kazi ya IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia polisi, ambayo iliundwa kwa sheria ya mwaka huohuo wa 2011 na iko nje ya polisi. Nambari yao ya bure ni 1559. OCS akikwambia "hilo tulimalize hapa kwenye kamati", mkatae. Tulishawahi kuambiwa hivyo kuhusu kijana aliyevunjwa mkono wakati wa kukamatwa, na mwenyekiti akasema hapana, huyu mama tunamsindikiza kuandikisha malalamiko yake.

Juu ya mwenyekiti kuwa mtu wa chifu, umesema kweli na sina dawa ya haraka. Sisi tulipona kwa sababu siku ya uchaguzi akina mama wa soko walikuja wengi kuliko ilivyotarajiwa.

Mstaafu_Koplo – Jumatatu, saa 12:20 asubuhi

Nimetumikia polisi miaka 31, zaidi ya nusu yake Bonde la Ufa na Magharibi, sasa ninalima Lugari. Mama, umesema mengi ya haki. Niongeze upande wa ndani, nisiutetee.

Kwanza, OCS mnayemwona anaringa hapo mbele, mara nyingi kituo chake kina gari moja, na mafuta yakiisha katikati ya mwezi doria ni ya miguu. Mkimuuliza kwa nini hakufika usiku ule, hawezi kuwaambia mbele ya baraza kwamba tangi lilikuwa tupu. Atasema "tunafuatilia". Kamati yenye akili humuuliza hilo ofisini, wawili watatu tu, na akishawaamini atawaambia ukweli. Mkishaujua ukweli mnaweza kumsaidia kuupeleka juu.

Pili, msako. Nitasema wazi. Mkubwa anapopita kukagua, haulizi wasichana wangapi wamefika nyumbani salama jana. Anauliza mmeshika wangapi. Namba ya waliokamatwa inaandikika, namba ya walioponea haina pa kuandikwa. Askari mdogo anaelewa hilo wiki yake ya kwanza kituoni. Pesa za wazazi ni ugonjwa ulioota juu ya ugonjwa huo. Kwa hiyo msiandike tu "msako ukome". Andikeni: Ijumaa fulani walikamatwa wangapi, wangapi walifika kortini Jumatatu, kwa kosa gani. Mkiwa na hesabu hiyo ya miezi mitatu, hata mkubwa wa OCS atalazimika kuisoma.

Tatu, na hili naliomba kwa kila mwanakamati anayesoma hapa. Jina la mhalifu lisitajwe mkutanoni. Kamwe. Katika kituo kimoja nilichohudumu, ofisa alisimama barazani akamshukuru mzee mmoja kwa jina kwa "ushirikiano wake mwema" baada ya genge la wezi wa ng'ombe kunaswa. Alidhani anampa heshima. Siku ya nne nyumba ya mzee ilichomwa. Mimi ndiye niliyekwenda kuandika ripoti. Nilimkuta amekaa juu ya jiwe, ameshika kikombe cha bati kilichoungua, hasemi neno. Habari za siri zina njia yake, mtu mmoja kwa ofisa mmoja, pembeni. Mkutano ni wa mambo: njia, taa, saa, tabia ya kaunta, misako.

RubaniWaBoda – Jumatatu, saa 2:10 asubuhi

Mimi ni mwendesha boda hapahapa Nakuru. Mama, kamati zenu ni za wenye nyumba na wenye maduka. Yule mwakilishi wa boda uliyesema alikuna dawati alichaguliwa na nani? Si na sisi. Ni mwenye pikipiki sita, yeye haendeshi. Sisi ndio tunapita usiku, sisi ndio tunajua nani anabeba nani, na sisi ndio wa kwanza kulaliwa chini kifudifudi msako ukija. Niliwahi kuingia mkutano mmoja nikaulizwa mbele ya watu "na wewe unatoka genge gani?" Watu wakacheka. Sijarudi.

MamaDuka – Jumatatu, saa 2:55 asubuhi

Mdogo wangu, pole. Sijui kama ni mkutano wetu huo, lakini ingeweza kuwa wetu, na kama nilikuwepo nikanyamaza basi nilikukosea. Uko sahihi juu ya yule mwakilishi. Wote walio chini ya miaka thelathini katika kamati yetu ni mmoja, naye ni mwanakwaya. Nitalipeleka.

BintiWaWebuye – Jumatatu, saa 7:30 mchana

Nami niweke langu, maana hamjagusa mambo ya nyumbani.

Kwetu kamati ilikuwa inakutana saa kumi na moja jioni. Ni mama gani ana nafasi saa hiyo? Maji, kuni, watoto, chakula. Tulikuwa wanawake wawili, mmoja akaacha. Halafu watu wanashangaa kwamba kila ajenda ni mifugo na pombe.

Mwaka juzi kulikuwa na mtoto wa darasa la tano aliyenajisiwa na mtu wa karibu na familia. Wazee waliketi kulimaliza kinyumbani, mbuzi na pesa kidogo. Mmoja wa wale wazee alikuwa mwanakamati wa polisi jamii. Alikuja mkutanoni akasema mtaa wake uko shwari. Mimi nilikuwa najua. Mikono ilikuwa inanitetemeka chini ya meza, nikasimama nikasema haiko shwari, na kwamba ninaomba askari wa dawati la jinsia asikilize baada ya mkutano. Sikutaja mtoto wala nyumba. Nilitukanwa njiani nikirudi.

Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 haimpi mzee wa mtaa wala mzazi ruhusa ya kuifuta kesi kama hiyo. Ikishafika kwa polisi, wa kuamua isiendelee ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma peke yake. Na kuna nambari ya bure, 1195, kwa anayeogopa kwenda kituoni moja kwa moja. Mtoto yule alipelekwa hospitali, fomu ya P3, ile ya polisi inayojazwa na daktari, ikajazwa, kesi ikaenda kortini. Imechukua muda mrefu, lakini ilikwenda.

Kwa hiyo ombi langu kwa MamaDuka: kwenye daftari lako, nani anaamua jambo gani liandikwe? Maana kwetu lisiloandikwa halikuwa limesahaulika. Kuna aliyelizuia.

SonduSokoni – Jumatatu, saa 10:15 jioni

Kifupi tu. Sisi tuko mpakani, upande mmoja Kisumu, upande wa pili Kericho. Ng'ombe wakivushwa usiku, kamati ya huku inaripoti kituo cha huku, kamati ya kule inaripoti kituo cha kule, na mwizi yuko katikati anakunywa chai. Tulichofanya ni wenyeviti wa pande mbili kuwa na nambari za simu za wenzao na kupigiana kabla ya kupiga kituoni. Ng'ombe wakionekana mapema, vijana hawapati nafasi ya kuanza kusema "ni kabila fulani". Mara mbili hilo limezuia mapigano, naamini hivyo kabisa.

MwalimuVihiga – Jumatatu, saa 2:45 usiku

Ningependa kuwapandisha ngazi moja. Wengi hapa wanalalamikia OCS kwa mambo ambayo hana mamlaka nayo, kama alivyosema mzee mstaafu. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji Desemba 2021, Kisumu ni jiji tangu zamani, lakini miji yetu haina polisi wake. Polisi ni wa taifa. Kaunti ina askari wake wa kusimamia sheria ndogo za masoko na maegesho, basi. Gavana hawezi kumwamuru OCS.

Lakini ile Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, kifungu cha 41, iliweka Mamlaka ya Polisi ya Kaunti. Mwenyekiti ni gavana au mtu aliyemteua. Ndani wanakaa wakuu wa polisi wa kaunti, wajumbe wawili kutoka bunge la kaunti, na wananchi wa kuwakilisha wafanyabiashara, mashirika ya kijamii, wanawake, watu wenye mahitaji maalum, dini na vijana. Kazi yake ni kupendekeza vipaumbele vya polisi katika kaunti, kufuatilia mwenendo wa uhalifu na kuendeleza polisi jamii. Hapo ndipo mahali pa ile hesabu ya misako. Hapo ndipo taa na doria vinaweza kuzungumzwa meza moja, kwa sababu mwenye taa na mwenye doria wote wako chumbani. Kila anayesoma uzi huu amuulize MCA wake: Mamlaka hiyo hapa kwetu imeketi mara ngapi, na wajumbe wake raia ni akina nani?

KondeleJuu – Jumatatu, saa 3:20 usiku

Mwalimu, hilo la kifungu cha 41 sikulijua. Nitauliza. BintiWaWebuye, Mungu akubariki kwa kusimama siku ile.

Bado sitakaa mbele barazani. Lakini ile ya kuhesabu waliokamatwa Ijumaa na waliofika kortini Jumatatu, hiyo naweza kuifanya bila kuketi na mtu yeyote. Mahakama iko wazi kwa kila raia. Nina wenzangu wawili wasio na kazi Jumatatu.

Mstaafu_Koplo – Jumanne, saa 11:50 alfajiri

KondeleJuu, nendeni mapema, mahabusu huletwa asubuhi. Vaeni vizuri, kaeni nyuma, msipige picha, msiandike majina ya watu. Idadi na kosa tu.

MamaDuka – wiki tatu baadaye, Jumapili, saa 2:30 usiku

Narudi na habari, kwa sababu wengi mmenitumia ujumbe.

Kwanza, OCS wetu amehamishwa. Barua ilikuja Jumanne, sisi tukasikia Alhamisi kwa mama anayewapikia chai pale kituoni. Hivyo ndivyo kamati nyingi hufa. Miaka miwili na nusu ya kufundishana, halafu unaanza na mtu ambaye hajui hata tangi la maji liko wapi. Nilikuwa na hasira na huzuni pamoja, maana yule wa kwanza, pamoja na ukali wake, alikuwa amefika mahali pa kujibu.

Tulikwenda kumwona mgeni watatu: mwenyekiti, mama wa omena na mimi. Nilibeba daftari kwenye mfuko wa unga. Alilisoma amesimama, kurasa nyingi, hajasema kitu. Kisha akaomba abaki nalo. Mwenyekiti akamwambia hapana, afande, tutakutolea nakala. Alinyamaza kidogo, akasema sawa. Nakala aliipata kesho yake, na gharama ilikuwa yetu, maana tukikiachia kituo kilipe, kesho daftari ni la kituo.

Jumamosi alikuja. Tulisoma mambo kumi na moja ambayo hayajakamilika. Saba aliyajibu, mengine vizuri na mengine vivyo hivyo tu. Kaunta ya kituo sasa inaandika tukio hata kama aliyeibiwa hakumtambua mwizi, na anapewa nambari ya OB kabla hajatoka. Tumewapima wenyewe: wasichana wawili wa viwandani walikwenda kwa siku tofauti, wote wawili wakarudi na nambari kwenye kikaratasi.

Juu ya misako, nilifuata ushauri wa mzee wa Lugari. Niliweka mezani hesabu ya Ijumaa tatu tulizoweza kuzifuatilia kwa kuulizia wazazi. Hesabu yetu ina mapengo, na nilimwambia hivyo. Alisema hawezi kujibia yaliyofanyika kabla yake, ila yatakayofanyika chini yake atayajibu. Aliandika mwenyewe tarehe ya mkutano ujao kwenye safu ya nne. Sijui mkono huo utakuwa mzito au mwepesi siku hiyo ikifika.

RubaniWaBoda, nafasi mbili zimetengwa kwa waendeshaji wenyewe, na watachaguliwa stejini, si barazani. Yule wa pikipiki sita amekasirika. Kama ni mtaa wetu, njoo.

BintiWaWebuye, swali lako lilinikosesha usingizi. Nilipopitia kurasa za nyuma niliona kweli, mambo ya nyumbani hayamo, na mwenye kalamu ni mimi. Hakuna aliyenizuia. Nilikuwa nasikia dukani mambo ambayo nilijiambia si ya mkutano. Sasa kuna askari wa kike wa dawati la jinsia anayekuja nusu saa kabla ya mkutano na kuketi darasa la pili peke yake, mlango umerudishwa. Safari ya kwanza hakuja mtu. Safari ya pili alikuja mmoja, wakakaa hadi mkutano wetu ukaisha. Sikuuliza ni jambo gani, na kwenye daftari nimeandika tu: "Dawati, mtu 1."

Na ile mulika mwizi. Fundi wa kaunti alikuja na gari la ngazi, watoto wakashangilia, ikawaka. Usiku wa tatu ikazima, waya umekatwa chini. Askari wanapita bado, lakini kichochoro ni giza tena. Nimelifungulia mstari mpya. Aliyelichukua: mwenyekiti na mimi, kwa MCA, Jumatano asubuhi kabla sijafungua duka.